Mikoko ya Rufiji kwa satelaiti: kijani kimeporomoka 2022 lakini hekta zimeongezeka. Kosa liko wapi?

pikseli_kumi (mleta mada)

Wakuu, habari zenu.

Naomba macho ya wenye uzoefu. Nina ramani ya mazoezi ya mikoko ya upande wa kaskazini wa Delta ya Rufiji, ya kuambatanisha kwenye maombi ya kazi za kufuatilia mazingira kwa satelaiti. Data ni ya satelaiti za Sentinel-2 ngazi ya L2A (athari ya angahewa imeshasahihishwa), picha za Juni hadi Septemba za 2018, 2020, 2022 na 2024, zimepakuliwa kigae kwa kigae na kuchakatwa ndani ya programu ya ramani ya QGIS. Kila mwaka umetengenezewa picha moja ya mediani (thamani ya kati ya kila pikseli), ikahesabiwa NDVI (kipimo cha ukijani wa mimea), kisha uainishaji kwa algorithimu ya Random Forest.

Matokeo yananichanganya:

1. NDVI ya wastani ndani ya msitu mnene ilikuwa 0.81 mwaka 2020. Mwaka 2022 ni 0.52, na 2024 imebaki hapo hapo. Kushuka kumeenea delta nzima, hakuna sehemu iliyonusurika. Nilitaka kuandika kwamba ni athari ya bwawa la Julius Nyerere lililoko juu kwenye Mto Rufiji.

2. Wakati huo huo eneo la mikoko "limeongezeka" kwa hekta 1,900 na ushee kati ya 2018 na 2024, hasa ukingo wa baharini na upande wa nyuma kuelekea vijijini. Kila mtu anajua kaskazini mwa delta mikoko inafyekwa kwa mashamba ya mpunga.

Programu inaniambia usahihi ni asilimia 96.

Maswali: nimekosea wapi? Na mtu anayetaka kuajiriwa kwenye kazi hii anatakiwa ajue nini zaidi ya kubonyeza programu?


Bendi_ya_Nane

Nianze na namba 1 maana hiyo haina uhusiano wowote na mikoko.

Tarehe 25 Januari 2022 shirika la anga la Ulaya, ESA, lilibadilisha toleo la uchakataji wa Sentinel-2 kuwa 04.00. Tangu hapo kila thamani ya pikseli imeongezewa 1000, ili maeneo yenye giza sana yasiangukie kwenye namba hasi na kukatwa. Usipotoa hiyo 1000 kabla ya kugawa kwa 10,000, mwakisiko (sehemu ya mwanga inayorudishwa) wa kila bendi unapanda kwa 0.1. Msitu haujaguswa lakini NDVI inaanguka, kwa kuwa nyekundu ni ndogo na 0.1 kwake ni mzigo mkubwa.

Fanya hesabu mwenyewe. Mkoko wenye afya una nyekundu (B4) 300 na infraredi ya karibu (B8) 3000. NDVI ni 2700 kwa 3300, yaani 0.82. Ongeza 1000 kila upande: 1300 na 4000. Tofauti bado ni 2700, ila jumla imekuwa 5300, na NDVI ni 0.51. Hizo ni namba zako karibu kabisa.

Usitenganishe mafaili kwa mwaka wa picha. ESA imeichakata upya kumbukumbu ya zamani, kwa hiyo picha ya 2018 uliyoipakua leo inaweza kuwa na hiyo 1000, na ile ile aliyoipakua mwenzako mwaka 2019 isiwe nayo. Angalia jina la faili: kuna kipande kinachoanza na N. Ukikuta N0213 au N0301, usiguse. Ukikuta N0400, N0500 au N0510, toa 1000 kwenye kila bendi. Thamani rasmi imeandikwa ndani ya faili la MTD_MSIL2A.xml chini ya BOA_ADD_OFFSET.

Jaribio la haraka: soma B8 kwenye maji marefu na safi ya bahari. Maji hunywa karibu infraredi yote, kwa hiyo baada ya kusahihisha utegemee namba ndogo, makumi hadi mia mbili hivi. Ukisoma 1100, bado hujatoa.

Kwenye Google Earth Engine (jukwaa la kuchakata picha mtandaoni) chukua mkusanyo wenye neno HARMONIZED mwishoni na tatizo limeisha. Wingu lichuje kwa Cloud Score+, kikomo cha 0.60 kinafaa kuanzia. Usitegemee QA60 (bendi ya alama za mawingu) pekee, maana kuna kipindi baada ya hilo badiliko la Januari 2022 haikujazwa, na picha zenye mawingu hupita kama safi.

Kuhusu bwawa: lilianza kujazwa Desemba 2022. Picha zako za 2022 ni za Juni hadi Septemba. Ungeandika sababu iliyotokea baada ya matokeo yake.


pikseli_kumi

Asante sana mkuu. Nimeangalia mafaili: 2018 na 2020 yote ni ya chini ya N0400, 2022 na 2024 ni N0400 kwenda juu. Baada ya kutoa 1000, NDVI ya 2022 imerudi 0.80. Bwawa nimelifuta.

Hekta 1,900 bado zipo, zimepungua kidogo tu.


Maji_Mafu

Assalaam alaykum. Huo ukingo wa baharini ni kazi ya maji. Ni jambo ambalo mvuvi yeyote wa pwani hii analijua, ila halimo kwenye vitabu vingi vya picha za satelaiti kwa sababu vimeandikwa kwingine.

Kwetu, kuanzia Lamu hadi Mtwara, bamvua (maji makubwa ya mwezi mwandamo na mwezi mpevu) hujaa saa kumi hivi, alfajiri na jioni, na hupwa saa nne hivi, asubuhi na usiku. Kila siku maji huchelewa kwa dakika 50 kwa wastani, hivyo wiki moja baadaye, wakati wa maji mafu, mambo yamegeuka: saa nne asubuhi ndipo maji yamejaa, ingawa ni kujaa kudogo.

Sasa Sentinel-2 inapita juu ya pwani ya Tanzania saa nne na nusu asubuhi na dakika zake, siku zote. Landsat nayo hupita mapema kidogo tu ya hapo. Ina maana picha ya siku ya bamvua daima inakuta maji yamepwa kabisa, na picha ya siku ya maji mafu daima inakuta yamejaa kiasi. Bamvua iliyojaa hutaiona hata ukikusanya picha za miaka 10.

Kuna la pili, na hili ndilo linaloharibu ulinganisho wa miaka. Satelaiti mbili za Sentinel-2 hurudi kila baada ya siku 5. Kutoka bamvua moja hadi nyingine ni siku 14.8 hivi. Mizunguko mitatu ya satelaiti ni siku 15. Zinakaribiana mno! Kwa hiyo ndani ya msimu mmoja wa kusi picha zako zinaangukia kwenye hali tatu tu za maji, zile zile, zikijirudia: tuseme moja karibu na bamvua, moja siku 5 baadaye, moja siku 10 baadaye. Mwaka ambao mawingu yameziba mfululizo ule wa bamvua, mediani yako inakuwa ya maji mengi. Mwaka ambao mfululizo ule umekuwa safi, mediani ni ya maji machache. Mlilana (aina ya mkoko) mdogo wa ukingoni uliozama nusu 2018 na kuonekana wote 2024 umehesabiwa kama msitu mpya.

Na si mlilana tu. Maji yakipwa, matope yenye utando wa kijani na majani ya bahari hutoa NDVI ya 0.2 hadi 0.4. Kwa Random Forest hiyo ni "mikoko michache". Asilimia kubwa ya ongezeko lako la baharini litakuwa huko.

La kufanya:

Andika tarehe na saa ya kila picha. Tafuta kimo cha maji cha saa ile kwa jedwali la maji la bandari ya karibu au kwa modeli ya FES2022 kupitia maktaba ya pyTMD ya Python. Ila tahadhari: jedwali la Dar es Salaam au Zanzibar ni la bahari wazi. Ndani ya delta maji huchelewa kadiri unavyopanda mto, kwa hiyo chukua namba hizo kama mpangilio wa picha kutoka maji machache hadi mengi, usizitumie kama kimo halisi pale ulipo.

Njia ninayoipenda mimi haihitaji jedwali. Chora boksi juu ya mlango mmoja wa mto wenye kingo za matope zilizolala, hesabu MNDWI (kijani kutoa infraredi ya mawimbi mafupi, gawa kwa jumla yake, yaani B3 na B11), kisha asilimia ya boksi iliyo maji. Picha zenyewe zitakupangia maji. Baki na zile za theluthi ya chini tu, kwa kila mwaka, ndipo utengeneze mediani. Mwaka usio na picha za kutosha za maji machache, usiutumie kwa ukingo wa baharini. Sema hivyo kwenye ripoti na uendelee.


DL_Bongo

Hizo njia za zamani wakuu. Siku hizi unachukua mtandao wa neva kama U-Net, unaupa picha, unajifunza wenyewe maji na mpunga na kila kitu. Random Forest ni ya 2001.


Maji_Mafu

U-Net utaufundisha kwa lebo za nani? Ukiupa lebo zilizochorwa juu ya picha ya maji mafu, utajifunza kwamba ukingo wa maji mafu ndio ukingo wa msitu, tena kwa ujasiri zaidi.


Kikandaa

Hapo juu pamejibiwa vizuri. Mimi nizungumzie upande wa nyuma, yaani mpunga, na hiyo 96.

Mpunga wa delta uliosimama kwenye maji ni pacha wa mikoko kwa satelaiti: kijani kingi, na chini yake maji au tope linalozima infraredi ya mawimbi mafupi. Ukitazama siku moja huwezi kuutenga. Ukitazama msimu mzima, ni rahisi. Mpunga huvunwa, shamba likabaki mabua na udongo. Mikoko haipukutishi majani yote, ni ya kijani mwaka mzima. Kwa hiyo usitumie mediani peke yake. Ongeza kwenye uainishaji asilimia ya 20 ya NDVI (thamani ambayo asilimia 20 ya picha ziko chini yake) kwa miezi ya Agosti hadi Oktoba, na tofauti kati ya asilimia ya 80 na ya 20 ya mwaka mzima. Mkoko: ya chini iko juu, tofauti ni ndogo. Mpunga: kinyume chake.

Mpangilio wa hatua hapa una maana. Uchuje maji kwanza kama alivyosema Maji_Mafu, ndipo uchukue asilimia ya 20. Ukibadili mpangilio, asilimia ya 20 itakuwa picha ya maji yaliyojaa na utafuta ukingo wote wa baharini.

Mtego mwingine ni ramani ya miinuko. Wengi hukata kila kitu kilicho juu ya mita 5 kwa hoja kwamba mikoko haipandi milima. Hoja ni sahihi, data si sahihi. SRTM, ramani ya miinuko inayotumiwa na wengi, ilipimwa Februari 2000 kwa rada ambayo haikufika ardhini penye msitu mnene. Iligota ndani ya matawi. Mkoko wa mita 20 unaonekana kama kilima cha mita kumi na kitu. Ile ya Copernicus ya mita 30 nayo ni ya uso wa juu. Ukikata mita 5 unafuta miti mirefu kuliko yote, ile yenye kaboni nyingi. Weka kikomo kwenye mita 35 hadi 40, kazi yake iwe kuondoa vilima tu, na minazi na mikorosho itenganishwe kwa bendi ya B11 na kwa msimu.

Madaraja: usiwe na "mikoko" na "si mikoko" tu. Tenga mikoko mirefu, mikoko mifupi (hasa mchu na mkandaa wa nyuma), matope, maji, jangwa la chumvi, mpunga, minazi na mashamba mengine. Ukimaliza ndipo uunganishe. Mchu mfupi juu ya chumvi nyeupe unafanana zaidi na kichaka kikavu kuliko na mkoko wa ukingoni. Ukiwaweka daraja moja, algorithimu inatanua daraja hilo hadi limeze vichaka.

Pointi 100 hadi 150 za kufundishia kwa kila daraja zinatosha, miti 200 ndani ya Random Forest inatosha. (Miti ya algorithimu, si ya Rufiji.) Ukiongeza hadi 1000 unapoteza muda tu.

Sasa asilimia 96. Bila shaka ulichora maumbo, ukayajaza pikseli, ukagawa asilimia 70 kufundisha na 30 kuhakiki kwa bahati nasibu. Pikseli ya kuhakiki imekaa jirani na ya kufundishia, ndani ya umbo lile lile. Ni sawa na kumpa mwanafunzi mtihani wenye maswali ya daftarini. Gawa delta kwa vipande vya kilomita 2 kwa 2, vipande vingine vifundishe, vingine vihakiki. Ikishuka hadi 85 usishtuke, hiyo ndiyo yako halisi.


pikseli_kumi

Ni kweli kabisa, ndivyo nilivyogawa. Kwa vipande vya kilomita 2 imekuwa asilimia 87. Na kwa picha za maji machache tu pamoja na asilimia ya 20 ya NDVI, ongezeko limegeuka kuwa upungufu.

Je, sasa nihesabu pikseli za upungufu nizidishe kwa 0.01 ya hekta, nitoe namba?


msindi_wa_gazi

Hapana ndugu, hapo ndipo ripoti nyingi huzama. Hekta za pikseli si hekta za msitu. Ramani ina makosa, na makosa ya pande mbili hayafutani. Kwenye mabadiliko ndiyo mabaya zaidi, kwa sababu eneo lililobadilika ni dogo na eneo lililotulia ni kubwa mno.

Utaratibu unaokubalika: ramani inakuwa matabaka ya kuchukulia sampuli, eneo linatokana na sampuli. Tuseme (namba za mfano tu) eneo lote ni hekta 100,000. Ramani yasema upotevu 2,000, mikoko iliyotulia 45,000, visivyo mikoko 53,000. Unatupa pointi kwa bahati nasibu ndani ya kila tabaka: 75 kwenye upotevu, 200 kwenye mikoko, 325 kwenye visivyo mikoko. Kila pointi unaitazama kwenye picha kali za miaka yote miwili, bila kujua ramani ilisema nini. Hilo la "bila kujua" ni la lazima, maana jicho hufuata ramani.

Matokeo: kwenye 75 za upotevu, 60 ni kweli, yaani 0.80. Kwenye 200 za mikoko, 2 kumbe zilifyekwa, yaani 0.01. Kwenye 325, hakuna. Upotevu ni 0.02 mara 0.80, jumlisha 0.45 mara 0.01. Inakuja 0.0205, hekta 2,050.

Halafu kosa. Kwa kila tabaka: uzito wake (sehemu yake ya eneo lote) kipeo cha pili, mara p (sehemu ya pointi zilizokutwa ni upotevu), mara (1 kutoa p), gawa kwa pointi kutoa moja. Jumlisha matabaka, tafuta kipeuo cha pili, zidisha kwa 1.96. Kwa mfano huu inatoka 0.0065, takriban hekta 650. Kwa hiyo jibu ni 2,050 kujumlisha au kutoa 650.

Tazama kosa limetoka wapi. Si kwenye zile pointi 15 ulizokosea ndani ya tabaka la upotevu. Zaidi ya asilimia 90 ya kosa hilo limetoka kwenye pointi 2 tu za tabaka kubwa, kwa sababu kila moja inabeba hekta 225. Ndiyo maana kuongeza pointi kwenye upotevu hakusaidii kitu hapo. Ongeza kwenye mikoko iliyotulia, au kata tabaka jembamba la mita 40 kuzunguka maeneo ya upotevu ulipe pointi zake. Makosa mengi hujificha kwenye ukingo huo.

Wigo wa makosa ukiwa mkubwa kuliko tofauti yenyewe ya miaka miwili, huna mabadiliko ya kuripoti. Andika hivyo tu.

Neno moja kuhusu sababu. Mikoko hufa kwa mambo ambayo shoka halihusiki. Kule kwetu Kenya, mvua za El Niño za 1997 na 1998 zilishusha mchanga mwingi ukafunika mizizi ya kupumulia kwenye kijito cha Mwache, Mombasa, na miti ikakauka imesimama. Kwa satelaiti ufyekaji na ukaukaji havifanani. Ukifyeka, NDVI huanguka ghafla baina ya picha mbili, na umbo lake lina kingo zilizonyooka. Mti unaokufa kwa mchanga hushuka kwa miezi, hauna kingo, na bendi ya B11 inayohisi maji ya majani huanza kupanda wakati kijani bado kinajitahidi. Chora mstari wa muda wa kila eneo kabla ya kumtaja mkulima.


pikseli_kumi

Nimeelewa. Swali la mwisho kwa walioshiriki kazi za uwandani: pointi za ardhini ni lazima? Na zinachukuliwaje kwenye tope?


Maji_Mafu

Kwa hekta peke yake, picha kali zinaweza kukutosha. Kwa kaboni, aina za miti au kimo, huna njia ya kukwepa tope.

Panga safari kwa mwezi, usipange kwa siku za wiki. Siku ya kuandama na siku ya mwezi mpevu, pamoja na siku mbili baada ya kila moja. Maji yanapwa saa nne asubuhi, una takriban saa mbili kabla na saa mbili baada. Hesabu na boti: ukiingia kijitoni alfajiri maji yakiwa bado, itakaa juu ya tope hadi alasiri. Beba maji ya kunywa ya siku nzima kwa kila mtu. Rufiji ina mamba na viboko, kwa hiyo mwenyeji wa kijiji husika anatangulia, na yeye ndiye anayesema wapi pa kuvuka.

Ploti: mstari unaotoka ukingo wa maji kwenda nchi kavu, duara 6 za nusu kipenyo mita 7, kila baada ya mita 25. Miti yenye kipenyo cha sentimita 5 na zaidi yote inapimwa ndani ya duara hiyo. Midogo ndani ya mita 2. Kipenyo hupimwa mita 1.3 kutoka ardhini, isipokuwa mkoko wenyewe (Rhizophora, wenye mizizi ya kuning'inia): hapo panda sentimita 30 juu ya mzizi wa juu kabisa unaotoka shinani, hata kama umefika kichwani kwako. Wasaidizi wapya hupima mizizi wakidhani ni shina, na kaboni inaongezeka bila sababu.

Duara ya mita 7 ni mita za mraba 154, pikseli moja na nusu ya Sentinel. GPS ya mkononi chini ya matawi hukosea mita 5 hadi 10 au zaidi. Kwa hiyo ploti ya kulinganisha na satelaiti iwe katikati ya msitu unaofanana, angalau mita 30 kila upande. Iache GPS ikusanye wastani wa nukta kwa dakika 5 au zaidi, usibonyeze mara moja na kuondoka.


Kikandaa

Naongeza: angalia mfumo wa viwianishi. Ramani za zamani za Tanzania na orodha nyingi za ploti ziko kwenye Arc 1960. Sentinel iko WGS 84, kanda ya 37 kusini (EPSG 32737). Ukisoma moja kama nyingine, kila kitu kinahama mita 300 hivi kaskazini au kusini. Hizo ni pikseli 30, na mkoko wako unatua mtoni. QGIS haitakulalamikia.


Bendi_ya_Nane

Swali la ajira halijajibiwa, ngoja nilijibu kwa ufupi.

Ramani nzuri wanayo wengi. Mwajiri makini anataka kuona namba yenye wigo wa makosa na msimbo unaoweza kurudiwa na mtu mwingine. Jifunze Python au R, moja tu, kwa undani. Jifunze takwimu za sampuli kabla ya mitandao ya neva. Earth Engine ni bure kwa kazi zisizo za biashara na inaendeshwa kwenye kivinjari, hivyo kompyuta ya kawaida inatosha. Kwa kuchakata vigae nyumbani, RAM ya GB 16 ni kiwango cha chini cha kustahimilika.

Pa kutazama: TFS (Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania) kwa misitu ya hifadhi, Kituo cha Taifa cha Kufuatilia Kaboni pale SUA (Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo) Morogoro, Taasisi ya Sayansi za Bahari ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam iliyoko Zanzibar, RCMRD (kituo cha kikanda cha ramani) Nairobi ambayo ipo tangu 1975 na hutoa mafunzo, na KMFRI (taasisi ya utafiti wa bahari na uvuvi) upande wa Kenya. Miradi ya kaboni ya jamii nayo huhitaji watu hawa. Mikoko Pamoja ya Gazi, Kenya, ina hekta 117 tu, lakini inatakiwa kuthibitisha miti yake kama mradi mkubwa.

Utafiti wa uwandani Tanzania unahitaji kibali cha COSTECH (Tume ya Sayansi na Teknolojia), na droni inahitaji ruhusa ya Mamlaka ya Usafiri wa Anga. Anza mapema, vibali huchukua muda mrefu kuliko safari yenyewe.

Na kwenye maombi yako usifiche ile ramani ya kwanza. Weka zote mbili, ya hekta 1,900 zilizoongezeka na ya sasa, na ukurasa mmoja unaoeleza ile 1000, maji na mpunga.


pikseli_kumi

Nitafanya hivyo. Nimeanza kutupa pointi upya, 600, na tabaka la ukingo wa mita 40 nimelipa 100 zake. Nikimaliza kuzitazama nitaweka jedwali la makosa hapa mlikague.


msindi_wa_gazi

Liweke na tarehe ya picha uliyotumia kuhakiki kila pointi. Picha kali za Google Earth zina tarehe tofauti vipande kwa vipande, na kipande kimoja cha delta kinaweza kuwa kimepitwa miaka mitatu na jirani yake.